Kipande, Kasumba na Kifaa: Historia ya Bunilizi za Udhibiti wa Akili na Ufuatiliaji wa Dola

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya bunilizi za kisayansi zinazohusu udhibiti wa akili na ufuatiliaji wa dola, kuanzia riwaya ya Yevgeny Zamyatin iliyoandikwa mwaka 1920 na 1921 hadi mijadala ya sasa kuhusu vifaa vya kusoma ubongo. Hoja kuu ni kwamba bunilizi hizo hazikuwa utabiri wa mashine zijazo. Zilikuwa usomaji makini wa mambo ambayo dola zilikuwa zimekwisha kuyatenda, mengi yakiwa yametendwa kwanza katika makoloni. Maneno mawili ya Kiswahili, kipande na kasumba, yanatumika kama nyenzo za uchambuzi: la kwanza linataja dola inayomjua raia, la pili linataja fikra zilizotiwa ndani ya mtu hata akaziona kuwa zake. Makala yanahitimisha kwamba sheria za ulinzi wa data katika Afrika Mashariki zimeanza kulijibu swali la kipande, ilhali swali la kasumba limeachwa mikononi mwa ridhaa ya mtu binafsi, na ridhaa ndiyo hasa inayoharibiwa pale akili inapodhibitiwa.

1.0 Utangulizi

Mwezi Mei 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin walichapisha matokeo ya programu iliyoweza kueleza, kwa kukadiria, maana ya simulizi ambayo mtu alikuwa akiisikiliza au kuiwaza, kwa kutumia picha za mabadiliko ya damu katika ubongo. Januari 2024, ilitangazwa kwamba kampuni ya Neuralink ya Marekani imepandikiza kifaa chake katika ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza. Habari za namna hii zinapotoka, hupokewa kwa kauli moja iliyozoeleka: kwamba yametimia yale waliyoyatabiri waandishi wa riwaya za kisayansi.

Kauli hiyo inaonekana kuwapa heshima waandishi, lakini ina athari mbaya mbili. Kwanza, inalihamishia tatizo katika siku zijazo, kana kwamba udhibiti wa akili ni jambo lisilokuwapo mpaka mashine yake ikamilike. Mshauri wa sera anayeamini hivyo atasubiri kifaa kifike bandarini ndipo atunge sheria. Pili, inaificha historia ya watu ambao tayari walifanyiwa mambo hayo bila mashine yoyote ya ajabu, na wengi wao walikuwa watawaliwa wa Asia na Afrika.

Makala haya yanapendekeza usomaji tofauti. Bunilizi za udhibiti wa akili zinasomwa hapa kama maandishi ya kihistoria yaliyovaa vazi la siku zijazo. Sehemu ya pili inafafanua maneno mawili yanayoongoza uchambuzi. Sehemu ya tatu inazipitia riwaya tatu za msingi. Sehemu ya nne inaangalia miongo ambamo dola zenyewe zilijaribu kuibadili akili ya binadamu, nchini Kenya na Marekani. Sehemu ya tano inahusu fasihi ya Afrika Mashariki, na ya sita inahusu sheria zilizopo.

2.0 Maneno Mawili: Kipande na Kasumba

Katika Kiswahili cha kawaida, kipande ni sehemu iliyokatwa kutoka katika kitu kizima. Utawala wa Waingereza nchini Kenya uliliongezea neno hilo maana ambayo vizazi kadhaa havikuisahau. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilitungwa mwaka 1915, na utekelezaji wake ukaanza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyezidi umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba hati yenye alama zake za vidole na kumbukumbu za ajira yake, na hati hiyo ilitiwa katika kikasha cha chuma kilichovaliwa shingoni. Mwajiri aliandika humo tarehe ya kuanza na ya kuacha kazi. Aliyeondoka bila kuandikiwa aliweza kusakwa na polisi. Mara nyingi mbebaji hakujua kusoma. Alitembea na maelezo juu ya nafsi yake ambayo kila mwenye mamlaka aliweza kuyafungua isipokuwa yeye.

Mbinu ya alama za vidole haikuzaliwa Ulaya. William Herschel, mtawala wa Kiingereza huko Bengal, alianza kuitumia mwaka 1858 kuthibitisha mikataba, na ofisi ya alama za vidole ikafunguliwa Calcutta mwaka 1897, miaka minne kabla ya ile ya London. Makoloni yalikuwa maabara. Upinzani nao ulianzia huko huko: Harry Thuku na wenzake waliipinga hati ya kipande pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara, na Thuku alipokamatwa Machi 1922, askari waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe. Katika Ruanda-Urundi, utawala wa Wabelgiji ulitoa vitambulisho vyenye kutaja kabila katika miaka ya 1930. Matumizi ya vitambulisho hivyo katika vizuizi vya barabarani wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 ndiyo ushahidi mzito kuliko wote katika eneo hili kwamba neno moja lililoandikwa kwenye karatasi laweza kukaa kimya kwa miongo sita kabla ya kuua.

Neno la pili ni kasumba. Asili yake ni ulevi: kasumba ni kilevi kitokanacho na afyuni. Kutoka hapo neno lilihamia katika siasa na elimu, likawa na maana ya fikra ambazo mtu amejengewa na mwingine, akazizoea mpaka akaziona kuwa zake. Baada ya uhuru, maneno "kasumba ya kikoloni" yalisikika katika hotuba, magazeti na madarasa ya Afrika Mashariki. Mtu hutiwa kasumba, na baadaye husemwa kuwa "ana kasumba", yaani ulevi umekuwa sehemu ya tabia yake.

Inafaa kulinganisha sitiari hii na ile iliyoenea katika lugha za Magharibi. Mwaka 1950 mwandishi wa habari Mmarekani Edward Hunter aliueneza msemo wa Kichina unaozungumzia kuosha ubongo, akieleza jinsi wakomunisti walivyowabadili watu. Sitiari ya kuosha inahitaji chumba kilichofungwa, mtesaji na muda maalumu, na lengo lake ni kuondoa kilichokuwamo. Sitiari ya kasumba haihitaji chumba. Inahitaji mazoea na utamu kidogo, na lengo lake ni kutia kisichokuwamo. Aliyeoshwa ubongo hutambulika kuwa mateka, bali mwenye kasumba hujiona huru, tena humshangaa anayetaka kumwokoa. Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu historia ya bunilizi zinazojadiliwa hapa ni historia ya safari kutoka katika sitiari ya kwanza kwenda katika ya pili.

3.0 Riwaya Tatu na Kumbukumbu Zilizokuwa Nyuma Yake

Yevgeny Zamyatin alikuwa mhandisi wa meli. Serikali ya Tsar ilimfunga baada ya mapinduzi ya 1905, na mwaka 1922 Wabolsheviki walimfunga katika gereza lile lile. Kati ya vifungo hivyo alifanya kazi Uingereza, mwaka 1916 na 1917, akisimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu. Riwaya yake iitwayo Sisi ilichapishwa kwa mara ya kwanza kwa Kiingereza, New York, mwaka 1924, na wasomaji wa Kisovieti hawakuipata kihalali hadi 1988. Katika riwaya hiyo watu hawana majina bali namba, nyumba zao ni za vioo, na mapazia hushushwa kwa kibali tu. Dola inapogundua kuwa vioo havitoshi kuzuia uasi, inaamuru upasuaji wa kuondoa uwezo wa kuwaza mambo yasiyokuwapo, kwa kutumia mionzi ya eksirei. Mhusika mkuu, D-503, anafanyiwa upasuaji huo, kisha anamtazama mwanamke aliyempenda akiteswa bila kuhisi lolote.

Ndani ya riwaya hiyo, mtu anayetukuzwa kuliko wanafalsafa wote ni Frederick Taylor, Mmarekani aliyebuni njia za kupima kila mwendo wa mfanyakazi kiwandani. Kwa hiyo nyumba za vioo za Zamyatin zilitokana na bandari, viwanda na magereza aliyoyaona. Wakati anaandika, vikasha vya chuma vilikuwa vinaanza kuvalishwa shingoni nchini Kenya kwa sababu iyo hiyo: kuijua na kuifunga nguvu kazi. Zamyatin hakuihitaji habari hiyo ili aelewe kwamba dola inayomhesabu mtu kama chombo cha kazi itafika siku itake pia kuitengeneza nia yake.

Aldous Huxley, katika riwaya aliyoichapisha mwaka 1932, aliondoa kisu na mionzi. Raia wa dola yake hufundishwa usingizini tangu utotoni, na wanapohuzunika hupewa kidonge kiitwacho soma. Hakuna polisi wengi, kwa kuwa hakuna anayetaka kutoroka. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu kuielewa dola hiyo, maana jina lake lipo tayari: ni dola ya kasumba, kwa maana zote mbili za neno.

George Orwell aliihakiki riwaya ya Zamyatin katika jarida la Tribune mwezi Januari 1946, na riwaya yake mwenyewe ikatoka Juni 1949. Kinachosahaulika mara nyingi ni kazi alizozifanya. Kuanzia 1922 hadi 1927 alikuwa ofisa wa polisi wa kikoloni nchini Burma. Kuanzia 1941 hadi 1943 alitayarisha vipindi vya redio ya BBC vilivyokusudiwa kuwashawishi wasikilizaji wa India wakati wa vita. Kwa maneno ya makala haya, Orwell alikuwa karani wa kipande na baadaye mpishi wa kasumba. Ndiyo maana riwaya yake iliweza kuviunganisha: skrini inayomtazama mtu chumbani kwake ni ya kipande, na lugha mpya iliyopunguzwa maneno ili fikra za uasi zikose pa kukaa ni ya kasumba. Mwisho wa riwaya, mhusika wake Winston hauawi akiwa adui. Anasubiriwa mpaka apende.

Riwaya zote tatu zinafanana katika jambo moja kuliko yote. Katika kila moja, hatua ya mwisho ya dola ni kupata ridhaa. D-503 ametulia, raia wa Huxley wamefurahi, Winston anapenda. Mada ya bunilizi hizi, kwa hiyo, ni namna ridhaa inavyoweza kutengenezwa. Vifaa hubadilika kutoka mionzi hadi kidonge hadi skrini, lakini ridhaa iliyotengenezwa haibadiliki.

4.0 Dola Katika Maabara na Kambi, 1952–1977

Miaka michache baada ya riwaya ya Orwell, dola mbili za Magharibi zilianza kutenda kwa bidii yale ambayo riwaya zilikuwa zimeyaeleza.

Nchini Kenya, hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Serikali ya kikoloni ilimwomba daktari wa magonjwa ya akili, J. C. Carothers, aeleze saikolojia ya Mau Mau, na ripoti yake ilichapishwa Nairobi mwaka 1954. Ripoti hiyo iliuona uasi kuwa dalili ya akili iliyotikiswa na mabadiliko, na iliunga mkono kuwakusanya watu vijijini. Kwa kuuita uasi ugonjwa, suala la ardhi liliondolewa mezani na nafasi yake ikachukuliwa na suala la tiba. Zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa ulinzi. Katika operesheni ya Aprili 1954 jijini Nairobi, watoa habari waliofunikwa magunia usoni walipitishiwa maelfu ya watu na kuonyesha kwa kichwa nani awekwe kizuizini. Katika kambi, wafungwa walipangwa kwa rangi, weupe, wa kijivu na weusi, kadiri akili zao zilivyodhaniwa kuwa mbali na kiapo. Njia ya kusogea kutoka daraja moja hadi jingine ilikuwa kukiri.

Kukiri huko kuliitwa kwa hiari. Mfungwa alipaswa kutamka kwa kinywa chake kwamba amebadilika, na kutamka huko kulichukuliwa kuwa uthibitisho wa tiba. Waliokataa walipigwa. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo walipokataa kufanya kazi, na taarifa ya kwanza ya serikali ikadai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Ridhaa iliyotafutwa ilishindikana, na gharama ya kushindikana huko ililipwa na wafungwa.

Nchini Marekani, mkurugenzi wa shirika la ujasusi la CIA, Allen Dulles, aliidhinisha mpango wa MKUltra mwezi Aprili 1953. Chini ya usimamizi wa mkemia Sidney Gottlieb, mpango huo ulifadhili majaribio ya dawa, hasa LSD, pamoja na usingizi wa kulazimishwa na mbinu nyinginezo katika vyuo, hospitali na magereza, mara nyingi bila wahusika kujua wanafanyiwa nini. Dawa ya kumfanya mtu aseme kweli haikupatikana, wala ya kumgeuza kibaraka. Hata hivyo hofu ya kibaraka wa namna hiyo ilikwisha kuingia katika fasihi: riwaya ya Richard Condon kuhusu askari aliyetengenezwa kuwa muuaji asiyejijua ilitoka mwaka 1959. Mwaka 1963, mwanasayansi José Delgado alimsimamisha fahali aliyekuwa akimkimbilia huko Córdoba, Hispania, kwa kutuma mawimbi ya redio katika waya zilizopandikizwa ndani ya ubongo wa mnyama huyo. Miaka tisa baadaye Michael Crichton alichapisha riwaya kuhusu mgonjwa aliyewekewa waya za aina hiyo. Maabara ilitangulia, riwaya ikafuata.

Mipango hiyo miwili inafanana pia katika namna ilivyofichwa. Mwaka 1973, mkurugenzi wa CIA wakati huo, Richard Helms, aliagiza majalada ya MKUltra yaharibiwe. Ukweli ulijulikana zaidi mwaka 1977 kwa sababu nyaraka za malipo zilikuwa zimehifadhiwa mahali pengine na hazikukumbukwa. Kwa upande wa Kenya, Waingereza walipoondoka walichoma nyaraka nyingi na kusafirisha nyingine. Takriban majalada 1,500 yalikubaliwa kuwapo nchini Uingereza mwaka 2011 tu, wakati wazee walioteswa walipokuwa mahakamani London. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228.

Wapo wanaosema kwamba hofu ya udhibiti wa akili imetiwa chumvi, kwa kuwa MKUltra ilishindwa na kambi hazikuiua fikra ya uhuru. Ni kweli zilishindwa. Lakini kushindwa kwa kifaa hakukuwalinda waliofanyiwa majaribio. Dola haihitaji kifaa kinachofanya kazi ili imdhuru mtu, inatosha iamini kwamba kinafanya kazi.

5.0 Fasihi ya Afrika Mashariki

Orwell aliingia katika Kiswahili kupitia hadithi yake ya wanyama. Tafsiri ya Fortunatus Kawegere, Shamba la Wanyama, ilichapishwa Nairobi mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Ilisomwa shuleni kwa miongo mingi, na kwa wasomaji wengi wa eneo hili sura ya kwanza ya kasumba katika maandishi ni nguruwe anayebadilisha amri ukutani usiku, huku wanyama wengine wakiulaumu udhaifu wa kumbukumbu zao.

Waandishi wa eneo hili hawakuhitaji kubuni dola inayofuatilia. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini kuanzia Desemba 1977 hadi Desemba 1978. Riwaya yake Matigari ilipotoka kwa Kigĩkũyũ mwaka 1986, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, watu walimzungumzia sana mhusika mkuu anayezunguka nchini akiuliza kuhusu ukweli na haki, hata polisi wakaagizwa wamkamate. Walipogundua kwamba ni mtu wa hadithini, vitabu ndivyo vilivyokamatwa madukani mwanzoni mwa 1987. Tukio hilo huchekesha, lakini linaeleza jambo zito: dola inayosikiliza kila neno hupoteza uwezo wa kutofautisha neno na mtu. Ilikuwa na masikio mengi kuliko ufahamu.

Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyewekwa kizuizini bila mashtaka mwaka 1986, alichapisha riwaya ya Walenisi mwaka 1995. Humo, aliyehukumiwa kufa kwa kurushwa angani anafika katika ulimwengu mwingine wenye haki, na jina la ulimwengu huo ni sentensi: wale ni sisi. Mwaka 2002 K. W. Wamitila alichapisha Bina-Adamu!, ambamo mhusika anazunguka katika kijiji cha utandawazi akimtafuta mwenye kukitawala. Katika kazi hizo mbili chombo cha anga na sayansi vipo, lakini havitawali hadithi. Uzito upo katika swali la nani aliyemtia mwingine mawazo kiasi kwamba hawezi tena kuona kuwa wale ni sisi. Kwa lugha nyingine, bunilizi ya kisayansi ya Kiswahili imeanza pale ambapo Huxley alifikia. Imepita chumba cha mateso na kuingia moja kwa moja katika kasumba.

6.0 Kifaa na Sheria

Miaka ya karibuni imeyaleta maswali haya katika mahakama na mabunge. Baada ya ufichuzi wa Edward Snowden mwezi Juni 2013, ilijulikana jinsi dola kubwa zinavyokusanya mawasiliano ya watu wengi kwa mkupuo. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba kampuni ya Cambridge Analytica ilikuwa imepata data za watumiaji wa Facebook wanaokadiriwa kufikia milioni 87. Mmoja wa viongozi wake alirekodiwa kwa siri akijigamba kuhusu kazi ya kampuni hiyo katika chaguzi za Kenya za 2013 na 2017. Iwapo mbinu zake zilibadilisha kura ni jambo linalobishaniwa. Lisilobishaniwa ni kwamba biashara ilikuwapo, na kwamba bidhaa iliyouzwa ilikuwa kumjua mpigakura ili apangiwe cha kuhisi. Kipande na kasumba viliuzwa katika mfuko mmoja.

Serikali za eneo hili zimechukua hatua. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa 2014, ulianza kutumika Juni 2023. Sheria hizi si karatasi tupu. Nchini Kenya, marekebisho ya mwaka 2018 ya sheria ya usajili wa watu yalitaka kukusanya hata vinasaba na mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya setilaiti. Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia vipengele hivyo, na Oktoba 2021 ikabatilisha utoaji wa kadi za Huduma Namba kwa sababu tathmini ya athari kwa data haikufanywa kwanza. Miaka mia moja baada ya kikasha cha chuma, mwenye kipande alipata mahali pa kuuliza ndani yake mmeandikwa nini.

Pamoja na mafanikio hayo, sheria hizo zina pengo. Hakuna hata moja iliyotaja data ya ubongo kwa jina lake. Chile ilirekebisha katiba yake mwaka 2021 ili kuilinda shughuli ya ubongo na taarifa zitokanazo nayo, na Agosti 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru kampuni ya Emotiv ifute data za ubongo za mtumiaji mmoja, aliyekuwa seneta. Novemba 2025 UNESCO ilipitisha mapendekezo ya kimaadili kuhusu teknolojia za ubongo. Afrika Mashariki inaweza kuifuata njia hiyo, lakini kuongeza neno "ubongo" katika orodha ya data nyeti hakutoshi.

Sababu ni ya kisheria na ya kilugha. Mihimili ya sheria za data ni faragha na ridhaa. Neno faragha katika Kiswahili limezoea kutaja mahali: watu huzungumza faraghani, yaani pembeni pasipo wengine. Ni neno la chumba na pazia. Linafaa dhidi ya nyumba za vioo za Zamyatin, lakini halijazoezwa bado kutaja kilichomo ndani ya mtu, ingawa methali huufananisha moyo wa mtu na msitu wa giza, na kuchukulia kuwa hivyo ndivyo unavyopaswa kuwa. Ridhaa nayo ina udhaifu mkubwa zaidi. Sheria huuliza kama mtu amekubali. Historia iliyopitiwa hapa inaonyesha kwamba katika kambi, katika maabara na katika riwaya, kukubali ndiko kulikotengenezwa. Mfungwa wa Kenya alikiri "kwa hiari". Mtumiaji wa leo hubonyeza kitufe cha kukubali masharti asiyoyasoma. Kesho, mwajiri anaweza kumtaka dereva wa lori avae kifaa cha kupima usingizi kichwani, na dereva atakubali kwa kuwa anahitaji mshahara.

Utafiti wa Texas wenyewe unatoa somo. Ili programu ifanye kazi, mshiriki alitakiwa kulala ndani ya mashine kwa takriban saa 16 akisikiliza masimulizi, na alipoamua kuwaza mambo mengine, programu ilishindwa. Kwa sasa, basi, akili bado ina mlango unaofungwa kwa ndani. Sheria inayotungwa sasa inatungwa wakati mlango huo ungali na komeo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba bunilizi za udhibiti wa akili zilichota katika magereza, viwanda, vituo vya redio na ofisi za makoloni, na kwamba kila mara jambo walilolionya waandishi lilikuwa ridhaa iliyotengenezwa. Kutokana na hayo, mambo manne yanajitokeza kwa watunga sera wa eneo hili.

Kwanza, yapo matumizi yanayopaswa kupigwa marufuku hata kama mtu amekubali: kutumia data ya ubongo katika mahojiano ya polisi, katika masharti ya ajira na katika kampeni za uchaguzi. Aliye chini ya mamlaka ya mwingine hana ridhaa ya kutosha katika mambo haya. Pili, makisio kuhusu hisia na mawazo ya mtu yalindwe sawa na data iliyochukuliwa moja kwa moja kichwani, kwa kuwa simu ya mkononi hukisia mengi bila waya wowote. Tatu, majalada ya mipango ya ufuatiliaji yahifadhiwe kwa mujibu wa sheria na yafunguliwe baada ya muda uliowekwa. Wazee wa Mau Mau walisubiri zaidi ya nusu karne kwa sababu karatasi zilikuwa zimefichwa.

Nne, kazi ya istilahi isiachwe nyuma. Leo sheria ya Tanzania inasema "taarifa binafsi" na Wakenya husema "data", huku dhana ya uhuru wa ndani wa mtu ikiwa haina istilahi inayokubalika pande zote. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na mabaraza na vyama vya kitaaluma, inaweza kuanza na maneno yaliyopo: faragha ya nafsi kwa kile kisichopaswa kuchukuliwa, na kasumba kwa kile kisichopaswa kutiwa. Mwananchi wa Kigoma, Gulu au Goma anayesoma katika sheria kwamba ni marufuku kumtia mtu kasumba kwa kifaa hatahitaji mkalimani. Atakuwa amelielewa kosa hilo kabla ya kifaa chenyewe kumfikia.